Maabara ya kupima minyoo fundo: kuhesabu wanajua, kutaja jina bado

Naanza na alama kabisa, mwenye haraka asome aende zake: nyota tatu na nusu kati ya tano. Kwa kuhesabu minyoo fundo kwenye udongo, vile viminyoo vidogo mno vinavyoingia kwenye mizizi na kuivimbisha, ningewapa tano, kwa wafanyakazi wao nne, lakini kile kipimo chao cha kupanda mbegu kwenye ndoo nakipa mbili na nusu na nitaeleza kwa nini, manake huko ndiko pesa yangu nyingi ilikoenda. Jina la maabara siliweki. Ni ya binafsi, iko Kampala, kazi yao nyingine ni nzuri na sitaki kumharibia mtu riziki kwa kitu kinachorekebishika.

Mimi nalima Kasese, upande wa Mubuku, pamba na nyanya, na nikipata zamu nzuri ya maji ya mfereji natupia na vitunguu. Pamba yetu ni aina ya BPA kama ya kila mtu, mbegu zinashuka kupitia serikali na wenye viwanda vya kuchambua, huendi dukani kuchagua aina kama unavyochagua nyanya. Sasa shambani kulikuwa na viraka, yaani hapa pamba imefika kiunoni, hatua chache mbele imegomea kwenye goti, jua la saa saba likipiga majani yanalegea na maji yapo, jioni yanasimama tena. Bwana shamba akasema huo ni mnyauko, ng'oa uchome. Hakukosea sana, mnyauko wa fuzari, ule unaoletwa na kuvu wa udongoni, na minyoo fundo hutembea pamoja kwenye pamba, hilo linajulikana tangu 1892 pale Atkinson kule Alabama alipoandika kwamba pamba inanyauka vibaya zaidi kwenye udongo wenye hawa minyoo. Ila ukikata shina ukaona ukahawia ndani halafu usiangalie mizizi umesoma nusu ya barua.

Nikang'oa kwa jembe la uma, sio kuvuta kwa mkono, ukivuta ile mizizi myembamba inabaki chini na ndiyo yenye habari. Nikaosha kwenye beseni. Kwenye pamba vinundu ni vidogo, mtu akitazama haraka anaona mzizi wenye mafundo mafundo tu, tofauti na nyanya ambayo mzizi wote unavimba mpaka unatisha. Nikapasua kinundu kimoja kwa wembe: ndani kuna kitone cheupe kinang'aa, kidogo kuliko kichwa cha pini, huyo ndiye jike, na kwa juu kuna kama ute wa kahawia umeganda, hayo ni mayai yake. Jike mmoja anataga mamia, na kwenye udongo wa joto kama wetu toka yai mpaka yai ni karibu mwezi mmoja, hebu piga hesabu pamba inakaa shambani miezi mingapi. Na jamani msichanganye na vinundu vya karanga na maharage, vile vizuri vya kuleta mbolea ukivisugua kwa kidole vinabanduka, hivi vya minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, haubanduki kitu.

Haya, huduma yenyewe. Unawapigia, wanakutumia maelekezo kwa WhatsApp, na maelekezo ni mazuri kuliko nilivyotegemea. Wanataka udongo wa kina cha kama sentimita 20 hadi 25, sio ule wa juu uliokauka, uchukue karibu na mizizi ya mimea iliyo hai, utembee zigizaga, uchanganye kwenye ndoo safi halafu upime kama nusu kilo. Kiraka kibaya kwenye kaveera yake, yaani mfuko wa plastiki, sehemu nzuri kwenye kaveera nyingine, usichanganye, na uweke mizizi kidogo humohumo. Jina uandike nje, ukiandika kwenye karatasi ukaitia ndani inaoza. Na wanasisitiza upeleke msimu unapoisha, pamba ikiwa bado imesimama au imevunwa juzi tu, manake shamba likikaa tupu kwa muda minyoo inapungua, unapima unaambiwa wachache, unapanda, wanakurudia.

Kingine wanachosema ni usiache udongo juani. Nikaona wanatia chumvi mpaka nilipofika pale mapokezi. Dada akafungua kaveera, akaingiza kidole, akaniangalia.

"Ssebo, hii ilisafiri kwenye buti ya basi?"

"Hapana dada, ilikuwa chini ya kiti changu."

"Sawa. Wengine wanatuletea minyoo ya kuchemsha."

Nilicheka lakini ana hoja. Njia yao ya kuhesabu ni ile ya sinia, wanatandaza udongo juu ya tishu kwenye chujio, maji yako chini yanagusa tu, na minyoo iliyo hai inashuka yenyewe ndani ya siku moja au mbili, wanakusanya maji wanaangalia kwenye maikroskopu. Yaani wanahesabu wanaotembea. Udongo ukiwa umepikwa njiani hakuna wa kutembea, ripoti inakuja sifuri na mkulima anashangilia bure.

Ripoti ya kuhesabu ilikuja siku waliyoahidi, kwenye simu, na karatasi unaweza kuchukua baadaye. Safi sana hii. Kiraka kibaya na sehemu nzuri vimewekwa pembeni kwa pembeni, idadi kwa kila 100 cc za udongo, wametenganisha minyoo fundo na wale wa vidonda vya mizizi na wale wasio na shida wanaokula bakteria tu, na chini kuna sentensi mbili za lugha ya kawaida za kukuambia hii idadi inamaanisha nini kwa pamba. Kiraka kibaya kilikuwa kimejaa. Hapa sina neno. Na bei ya sampuli moja haifiki bei ya chupa ya ile dawa ya minyoo wanayotuuzia madukani, kwa hiyo yeyote anayefikiria kununua dawa apime kwanza.

Sasa tuje kwenye ndoo.

Shida yangu haikuwa pamba peke yake. Baada ya pamba mimi naingiza nyanya palepale, na dukani wanauza nyanya chotara yenye herufi N kwenye pakiti, N ya nematodi, yaani inadaiwa ina kinga ya hawa minyoo, na bei yake unaijua, mbegu chache unalipa kama umenunua mbuzi mdogo. Swali langu lilikuwa rahisi: hiyo N itasimama kwenye udongo WANGU au la. Maabara wana huduma ya kupima hivyo hivyo, unaleta udongo mwingi na mbegu unazotaka, wao wanapanda kwenye ndoo, wanasubiri karibu wiki nane, wanang'oa, wanaosha, wanatoa alama ya vinundu toka 0 mpaka 5, ambapo 0 ni mzizi safi na 5 ni zaidi ya vinundu 100. Nikapeleka BPA yangu, ile chotara ya N, nyanya ya Moneymaker ambayo kila mtu anajua haina kinga yoyote, na karanga. Wao wakaongeza ndoo za udongo uliopikwa kwa mvuke, kwa kulinganisha, wazo zuri nawapongeza.

Matokeo: Moneymaker 5. BPA 3. Karanga 0. Na ile chotara ya N, ya bei ya mbuzi, 4.

Nilisoma mara mbili. Chini ya jedwali wameandika aina ya mnyoo ni Meloidogyne incognita na ushauri ni kwamba mbegu niliyoleta "huenda si halisi", yaani nimeuziwa feki. Feki zipo Uganda, sikatai, nani hajawahi kuuziwa mahindi ya kula yaliyopakwa rangi ili yafanane na mbegu. Lakini pakiti ilikuwa imefungwa, na mimi nikaona kuna mambo mawili wameyaruka, yote mawili makubwa.

La kwanza ni joto. Kinga ya hiyo N kwenye nyanya inatoka kwa jeni moja inaitwa Mi-1, iliyochukuliwa kutoka nyanya pori ya Peru miaka ya 1940, na tabia yake inajulikana, udongo ukipita nyuzi 28 inaanza kulala. Ndoo zao ziko ndani ya banda la nailoni, ndoo zenyewe nyeusi. Nikauliza joto la udongo lilikuwa ngapi, hawakuwa wamepima. Mnapima vipi mbegu ambayo kinga yake inazimwa na joto bila kipimajoto? Na mimi wa Kasese ndio kabisa, huku kwetu tambarare mchana udongo usio na kivuli unaunguza nyayo, kwa hiyo hata kama mbegu ni halisi mia kwa mia bado nahitaji kujua.

La pili ndilo lililonifanya niandike hii rivyuu ndefu. Kuna mnyoo fundo anaitwa Meloidogyne enterolobii. Alielezwa mara ya kwanza 1983 kutoka kwenye mti huko kisiwa cha Hainan, China, na huyu bwana hiyo N haimhusu, anaingia kwenye nyanya zenye Mi-1 kana kwamba hakuna kitu, anaingia kwenye pilipili zenye kinga, anaingia kwenye mapera, viazi vitamu, soya. Marekani wameanza kumwona Florida, halafu North Carolina akaripotiwa 2013 kwenye soya na pamba. 2018 Louisiana wakamkuta kwenye viazi vitamu, majimbo yakaanza kuwekeana vizuizi vya mbegu za viazi. Kenya hapo jirani aliripotiwa 2016 kwenye mnavu, mboga hii hii tunayokula sisi.

Kwa watu wa pamba habari yake ni chungu zaidi. Wamarekani wamefanya kazi miaka mingi kutengeneza pamba inayostahimili incognita, mstari wao maarufu, yaani ukoo wa mbegu, Auburn 623 walipandanisha Clevewilt 6 na pamba pori ya Mexico, mtoto akawazidi wazazi wote wawili, na toka hapo ndiyo kinga ikaenea kwenye mistari mingine. Ukifuata jeni unakuta sehemu mbili kubwa, moja kwenye kromosomu ya 11 na nyingine kwenye ya 14. Ile ya 11 inapunguza vinundu, ile ya 14 inapunguza mayai. Sasa amekuja mnyoo mpya mwenye sifa ya kupita kinga za mazao mengine, huwezi kukaa ukasema pamba yetu ilimweza incognita basi na huyu itamweza, ndiyo maana watafiti wanarudi kwenye ndoo moja baada ya nyingine, kila mstari unawekewa mayai ya enterolobii yaliyohesabiwa, unawekwa na pamba dhaifu ya kulinganisha, na mwisho wanapima mayai mangapi yametoka kwa mangapi yaliyoingia. Hapo ndipo unajua mmea unamkatalia mnyoo au unamlea kimya kimya.

Ona tofauti na kipimo nilicholipia mimi. Vinundu tu. Mayai hawakuhesabu, na kwa pamba hasa vinundu peke yake vinadanganya, mzizi unaweza kuonekana una nafuu na bado unazalisha mayai ya kumaliza shamba la msimu ujao. Na kuhesabu mayai sio kazi ya chuo kikuu peke yake, unakatakata mizizi, unatikisa kwenye maji yenye Jik kidogo, unachuja, unaangalia kwenye maikroskopu ile ile waliyonayo. Halafu kila mbegu ilikuwa na ndoo moja. Moja! Ndoo ikikaa upande wa jua au ikisahaulika kumwagiliwa siku mbili jibu lote limebadilika, na mimi mteja sina namna ya kujua.

Nikawapigia kuhusu jina. Nikauliza, mmejuaje ni incognita? Akaja kwenye simu kijana wa maabara, mpole, akasema tuliangalia mimea iliyoshambuliwa, pamba imeliwa, nyanya imeliwa, karanga haijaliwa, hiyo ni incognita. Nikamwambia kaka, hapo ndipo penye tatizo. Kuna ile orodha ya zamani ya mimea ya kupimia waliyoitengeneza North Carolina, pamba, tumbaku, pilipili, tikiti maji, karanga na nyanya, na ukimweka enterolobii kwenye orodha hiyo anakula vyote isipokuwa karanga. Incognita wa kundi la 4 (wamegawanywa kwa mimea wanayokula) naye anakula vyote isipokuwa karanga. Wanafanana kabisa. Hata ile michoro ya sehemu ya nyuma ya jike ambayo wataalamu wanaiangalia kwenye maikroskopu inakaribiana mno, wa kuwatenganisha kwa uhakika ni DNA. Na kitu kimoja ambacho kipimo chao kilionyesha wazi, kwamba nyanya ya Mi-1 imeliwa, ndicho kilitakiwa kuwashtua, wao wakaenda kumlaumu muuza mbegu.

Kijana alinyamaza kidogo, akasema, "Mzee, umesema kweli, sisi hatuna mashine ya DNA hapa." Basi. Hakubishana, hakunipandishia sauti. Kesho yake ripoti ikarudi imerekebishwa, mahali pa incognita pameandikwa Meloidogyne sp., yaani mnyoo fundo asiyejulikana ni yupi, sentensi ya mbegu feki imeondolewa, na wakasema wanaweza kutunza mizizi kwenye spiriti na kuituma kwa wenye mashine kwa malipo ya ziada. Hii ndiyo iliyopandisha alama zangu kutoka tatu, manake maabara ngapi hapa kwetu zinakubali kufuta neno lake kwa sababu mkulima amepiga simu.

Sisemi kwamba shamba langu lina enterolobii. Inaweza kuwa ni incognita wa kawaida na joto la banda lao, inaweza kuwa wote wawili wamo. Nasema kipimo kilichouzwa kama cha kuamua mbegu hakiwezi kuamua mbegu mpaka waongeze vitu vitatu vinne ambavyo havina gharama kubwa: kipimajoto, ndoo angalau tano kwa kila mbegu zikichanganywa mahali zinapokaa, kuhesabu mayai, na kuacha kuandika jina la mnyoo wasilolijua. Na wenye maduka na wao, hiyo N kwenye pakiti waandike ni kinga ya nani. Kampuni nyingine zinaandika kabisa Ma, Mi, Mj, yaani arenaria, incognita na javanica, ukiona hivyo enterolobii hayumo, usijidanganye.

Wakati nasubiri DNA viraka vyote naweka karanga, ndoo ilionyesha sifuri na hiyo naiamini manake inakubaliana na wote wawili, awe incognita awe enterolobii. Maharage nimeyatoa, yanaliwa. Mahindi watu hudhani ni salama kwa sababu mizizi haionyeshi vinundu vikubwa, kumbe incognita anazaliana humo bila kelele, na mzunguko wetu wa kila siku hapa si ni pamba, mahindi, maharage, tena pamba? Jirani yangu mama mmoja mlima pamba mzuri kabisa aliniambia karanga zinaliwa na kunguru, nikamwambia kunguru namwona mama, huyu mwingine simwoni.

Kwa anayetaka kwenda: kipimo cha kuhesabu chukua bila wasiwasi. Peleka Jumatatu au Jumanne, ukifika Ijumaa udongo unalala wikendi nzima. Malipo ni mobile money, risiti wanatoa bila kuombwa. Cha ndoo subiri, au kama una haraka waambie mapema unataka ndoo zaidi ya moja na mayai yahesabiwe, walinikubalia kwa mdomo kwamba inawezekana ukilipa tofauti. Mbegu peleka pakiti iliyofungwa wafungue wao.

Na jambo la mwisho kwa wenyewe kama wanasoma. Nilipokuja kuchukua karatasi nilipita nyuma ya jengo kutafuta choo, nikakuta udongo wa ndoo umemwagwa pale ukutani, mizizi na vinundu vyake humo humo, udongo wa mashamba ya watu toka wilaya sijui ngapi, chini ya mti wa mpera. Mpera! Huyo enterolobii huko nje wanamwita mnyoo fundo wa mapera. Chemsheni udongo kabla ya kumwaga, mvuke si mnao.